Ombi la Kumsahaulisha Binti Yangu Vidole Vitano

Fundi Cherehani,
Mlango wa kijani, karibu na kituo cha mafuta.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya hapa mtaani.

Mwalimu wetu mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUMSAHAULISHA BINTI YANGU VIDOLE VITANO

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, kiti kizuri na muda wa kutosha, kwa sababu ni ndefu. Mimi ni fundi cherehani, yule aliyeshona mapazia ya ofisi yako, ambayo naamini bado yanafunga. Pia ni baba wa mtoto wa darasa la pili ambaye nyumbani siku hizi tunamwita Mkaguzi. Jina hilo hakupewa na wazazi. Amelipata kwa kazi yake.

Nianze na shukrani, maana sikulelewa ovyo. Shule yako imemfundisha mwanangu kusoma, kuandika na kukunja soksi zake mwenyewe, na kwa hayo sina neno. Malalamiko yangu yanahusu somo moja tu, lile la usalama wa watoto mtandaoni, ambalo mwalimu wa darasa aliliweka kwenye vidole vya mkono ili watoto wasilisahau. Naleta taarifa rasmi kwamba hawajalisahau.

Kwa kumbukumbu, vidole vyenyewe ni hivi. Kidole gumba: usimpe mtu usiyemjua jina lako, shule yako wala unapokaa. Cha shahada: omba ruhusa kabla ya kutuma picha ya mtu. Cha kati: simu hazilali chumbani. Cha pete: mtu akikwambia usimwambie mama, nenda kamwambie mama. Kidole kidogo: ukiona jambo la kukutia hofu usilifute, mwonyeshe mtu mzima unayemwamini. Hiki cha mwisho sijakiona kikifanya kazi yoyote. Nadhani kiliongezwa kwa kuwa mkono una vidole vitano na ingekuwa aibu kukiacha.

Najua utasema wazazi tuliitwa kwenye kikao tufundishwe pamoja na watoto. Ni kweli tuliitwa. Siku ile nilikuwa na sare za wahudumu wa hoteli za kumalizia, na mwenye hoteli hajui kusubiri. Najua pia utasema mlitutumia karatasi ya mwongozo kwa wazazi. Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa karatasi nzito, safi, isiyochanika ovyo, nami nimeitumia kukatia mfano wa kola ya shati. Hongera kwa karatasi, Mwalimu. Shuleni kwenu hamfanyi mambo nusunusu.

Sasa naingia kwenye malalamiko.

1. Kuhusu mama yangu mzazi. Mama yangu ni mtu mzima, anakaa mbali, na furaha yake ni kumwona mjukuu wake kwenye simu kila Jumapili. Jumapili ya kwanza baada ya vidole, simu ya video iliita, Mkaguzi akapokea, akatazama kioo, akaona giza na sikio. Mama ana tabia ya kuweka simu sikioni hata ikiwa ya video. Tumemweleza, ametuambia tusimfundishe kusikia. Mtoto akasema, "Naona sikio, lakini sijui ni la nani. Taja jina la paka wetu." Mama akamtaja paka aliyekufa mwaka juzi. Mtoto akasema, "Huyo kila mtu alikuwa anamjua," akakata simu.

Mama alinipigia mimi huku analia na kucheka, akaniuliza hayo malezi nimeyatoa kwa nani. Nilidhani yangeishia hapo. Badala yake bibi na mjukuu walipatana wenyewe kwa wenyewe, wakawekeana neno la siri, na sasa mama analitaja kabla hata ya salamu, kwa sauti ya mpelelezi aliyevaa kofia. Mimi neno hilo sijaambiwa. Wiki iliyopita simu yangu ilizima chaji nikaazima ya kinyozi jirani, nikapiga nyumbani kuuliza kama maji yametoka. Akapokea Mkaguzi, akaniomba neno. Nikamwambia, mimi ni baba yako. Akasema, "Wote ndivyo wanavyosema." Nikarudi nyumbani na ndoo ya kuazima, kumbe maji yalikuwa yametoka tangu asubuhi.

2. Kuhusu vitunguu. Simu zetu sasa zinalala sebuleni kwenye kikapu, na kikapu pekee tulicho nacho ni cha vitunguu. Nikiweka simu sikioni asubuhi machozi yananitoka, na wateja wawili wameshanipa pole ya msiba. Nilijaribu kujitetea kwamba mimi ni mtu mzima. Lakini Mkaguzi alikuwa amenikuta nikiangalia zile video za watu wanaoosha mazulia machafu. Sijui kama umewahi kuziona, Mwalimu. Zulia linaingia jeusi, linatoka na maua. Akaniuliza nimeangalia mangapi. Nikasema moja. Akasema, "Baba, hili ni la tatu. La kwanza lilikuwa la bluu." Mama yake, ambaye tuliahidiana kusaidiana katika dhiki na faraja, alisema tu, "Mtoto kasema kweli."

3. Kuhusu picha. Hapa mmegusa riziki. Tangu mtoto huyu aanze kusimama, kila gauni la watoto ninaloshona yeye hulivaa kwanza, nikampiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa duka. Anajua kusimama, anajua kushika pindo, na wateja wanamfahamu kama wanavyoufahamu mlango wa kijani. Sasa kabla sijapiga ananiuliza, "Nani ataiona?" Nikamjibu kwa majivuno kabisa, dunia nzima. Akafikiri kidogo. "Katika hiyo dunia, mimi namjua nani?" Tukaanza kuwataja. Hatukufika mbali.

Matokeo yake nina ruhusa ya kupiga picha kuanzia shingoni kwenda chini. Ukurasa wangu umejaa magauni mazuri yasiyo na vichwa, na mama mmoja ameniandikia kuuliza kama nashonea watu au mizuka. Kisha Mkaguzi akarudi kwenye picha za zamani na kuniondolesha zote ambazo nembo ya shule yako inaonekana kifuani. Nembo hiyo niliitarizi kwa mkono wangu, na jicho likaniuma wiki nzima.

(Bado niko kwenye 3. Nilikatizwa na mteja wa zipu.) Lakini haki ni haki. Dada yangu, yaani shangazi yake, alikuwa ameweka kwenye kundi la ukoo picha yangu ya utotoni nikiogeshwa kwenye beseni, sina hata uzi, nimecheka hadi fizi. Kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa ikifika picha ile inarudi, na wajomba wanaongeza maneno. Mkaguzi alimpigia shangazi yake akamuuliza kama baba alitoa ruhusa. Picha iliondolewa siku ileile. Hilo naomba lisihesabiwe kwenye malalamiko.

4. Kuhusu neno "njoo kesho". Sisi mafundi, kama unavyokumbuka kutokana na mapazia yako, tunaishi kwa neno hilo. Inaonekana mwalimu wa darasa aliwaambia pia wasisambaze habari wasizo na hakika nazo. Sasa mteja akija kuulizia nguo, nami nikamwambia njoo kesho, sauti inatoka chini ya meza: "Kitambaa chako bado kimefungwa kamba ya dukani."

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu, na naomba ulisome taratibu.

Nilipata mteja. Sikuwahi kumwona kwa macho, alinijia kwa ujumbe kwenye ukurasa wa duka, akiwa ameweka picha ya maua mahali pa sura, na akijiita Mama Mkarimu. Alitaka magauni ya watoto kwa ajili ya sherehe, na kwa wingi wake nilianza kuionea huruma cherehani yangu. Hakupunguza bei. Mwalimu, nimeshona tangu ujana wangu na sijawahi kukutana na mtu asiyepunguza bei. Hata wewe ulipunguza. Nikasema Mungu hamtupi mja wake.

Tuliandikiana kwa siku kadhaa, maongezi ya adabu tupu. Alisema wasichana wake ni kimo kimoja na yule mtoto wa kwenye picha, akauliza ana miaka mingapi. Nikamwambia. Akauliza urefu wake, kifua na kiuno. Nikampa palepale bila kushika futi ya kupimia, maana vipimo vya mwanangu viko kichwani kwangu. Akasema mtoto mzuri kama huyo anastahili zawadi, naye angependa kumkabidhi mwenyewe mkononi. Akauliza anasoma shule gani, na wanatoka saa ngapi. Akamalizia kwa kuniomba nisimwambie mama yake, ili tumshtukize.

Sasa Mkaguzi ana ugonjwa wa watu waliojua kusoma juzi. Anasoma kila kitu kwa sauti, makopo, mabango, hata lebo za ndani ya kola za wateja. Wakati huo alikuwa nyuma ya kiti changu akisubiri nimfunge kamba za viatu. Nikasikia kisogoni: "U-si-mwa-mbi-e... ma-ma... ya-ke." Kisha kidole cha pete kikapita mbele ya pua yangu, na simu ikakifuata. Akaipeleka chumba cha nyuma, mama yake anakopiga pasi.

Mama yake alisoma kuanzia juu hadi chini pasi ikiwa hewani. Akamfungia Mama Mkarimu asiweze kuandika tena, akanikataza kufuta hata nukta. Wakati huo nilikuwa nimeshaandika herufi mbili za mwanzo za jina la shule yako. Hakunigombeza. Alirudi kupiga pasi, akaunguza shati la watu, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue. Nami nilinuna, nasema wazi, nilinuna siku mbili nzima. Oda ya kunitoa kimasomaso imepeperuka kwa sababu ya kidole cha mtoto wa darasa la pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nimezishona mimi.

Kwa hayo yote nakuomba utazame mbele. Leo ni mwanangu, lakini shule yako ina madarasa mengi, na kila mtoto ana mikono miwili. Wakikua namna hii wote, mji huu hautabaki na mtu wa kudanganywa. Mafundi tutamwambia nani njoo kesho? Wagombea watasema nini majukwaani? Wale wanaouza mafuta ya kuotesha nywele kwa wiki moja watakula wapi? Ndoa ngapi zimeanza kwa mtu kusema kwenye simu kwamba yeye ni mrefu? Mimi mwenyewe nilimwambia mke wangu nina duka, na wakati ule nilikuwa na sindano. Angekuwa amefundishwa vidole, huyo Mkaguzi asingezaliwa, na leo nisingekuwa na malalamiko. Utaona jinsi somo lenu linavyojipinga lenyewe.

Kwa heshima zote, basi, naomba yafuatayo:

(a) Shule ianzishe somo la kusahau, kidole kimoja kwa wiki, tukianza na cha kati kwa sababu ya vitunguu.

(b) Kama haiwezekani, vidole wafundishwe wale watoto tu ambao wazazi wao wameshavijua, ili majumbani kuwe na amani.

(c) Kama hilo nalo ni gumu, Mkaguzi aje kukaa kwako likizo nzima. Hali chakula kingi. Andaa kikapu, na uwe tayari kueleza kila unachoangalia.

(d) Nirudishiwe ubaba wangu kwa maandishi, wenye muhuri wa shule, nikautundike dukani karibu na kioo.

Sitakuchosha zaidi. Nisalimie naibu wako, nisalimie walimu wote, hata yule wa darasa la pili ingawa yeye ndiye chanzo, nisalimie wapishi, na usimsahau mlinzi wa geti, ambaye mwezi uliopita alikataa kuniingiza kwa kuwa hakunijua, nami nikachukulia kuwa ni dharau. Watoto wote wasalimie, mkono mmoja mmoja. Mke wangu hajui kama nimekuandikia. Tafadhali usimwambie.

Ni mimi, mwenye uzi mkononi na donge kooni,

Fundi wa mlango wa kijani,
Baba Mkaguzi.

Tanbihi. Mwalimu, bahasha nilikuwa nimeshailamba upande mmoja. Mkaguzi alikuwa nyuma ya kiti. Nikasikia kisogoni, "Usi-mwambie." Siku hizi anasoma haraka zaidi, na hilo nalo ni lenu. Barua ikaenda chumba cha nyuma.

Mama yake aliisoma amesimama. Alicheka kwenye sikio la mama mkwe wake, akacheka kwenye vitunguu, na kwenye beseni ilibidi akae. Alipofika namba 5 hakucheka. Alichukua jora la kitambaa, akalitandaza juu ya meza yangu, akanishikisha mkasi, ndipo akasema, "Haya fundi. Kata hayo magauni ya Mama Mkarimu."

Nikainama nikate. Sikuwa na pa kuanzia. Sikuwa na kifua, sikuwa na bega, sikuwa na urefu wa mtoto hata mmoja wa mteja yule. Sikuwa na rangi. Kitambaa hakuwahi kukiulizia. Katika maongezi yote yale vipimo vilivyotajwa vilikuwa vya mtoto mmoja, naye ni wangu, na aliyevitaja ni mimi. Hakuna fundi anayepokea oda isiyo na vipimo, hata anayejifunza kutunga uzi hapokei, nami niliipokea nikamshukuru Mungu. Niliweka mkasi chini. Niliogopa, Mwalimu. Mpaka sasa ninavyoandika naogopa.

Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakutuambia lolote kuhusu la mdogo.

Nimeitoa ile kola ya karatasi kwenye msumari na kuusoma mwongozo wenu kwa kuuzungusha, kuanzia ncha hadi ncha. Ni maneno mazuri, na kikao kilikuwa cha kuhudhuria. Lakini palipopita shingo pamekatwa, na kwa ninavyoona ndipo ilipokuwa namba ya kupiga mzazi anapopatwa na jambo kama hili. Naomba nakala nyingine, nzima, sitaipeleka mezani.

Kesho asubuhi tutakuja mimi na mama yake, tukukabidhi barua hii na simu yenyewe ikiwa na ujumbe wote ndani, kisha utusindikize polisi. Malalamiko yangu yote nayafuta. Hapana, samahani, siyafuti. Kidole kidogo kinasema ukiona jambo la kukutia hofu usilifute, mwonyeshe mtu mzima unayemwamini. Nina mvi mbili tatu, na sikudhani ningehitaji mtu mzima. Nimetafuta ni nani, nikaona ni wewe. Ndiyo maana unaipata barua yote kama ilivyo, pamoja na mazulia.

Na tafadhali mwambie mlinzi wa geti, pamoja na radhi zangu, asimtoe Mkaguzi kwa mtu yeyote, awe na zawadi au hana, hata akisema yeye ndiye baba. Amwachie mtoto amuulize neno.

Kuhusu (d), usihangaike na muhuri. Neno ninalo. Ameninong'oneza sasa hivi nilipokuwa namfunga kamba za viatu, akasema nisimwambie mtu yeyote isipokuwa mama. Kwa hiyo, Mwalimu, pamoja na imani yote niliyo nayo kwako, hapa sikuandikii.